Bima wamelipa mkono wa baba, mkono wa mwanangu wamekataa eti "hajapoteza uwezo"

Wadau asalaam aleikum, nina hasira tangu Alhamisi na leo lazima niitoe. Niko hapa Malindi, mume wangu anafanya kazi hoteli moja ya Watamu mwaka wa saba huu, na kila mwezi mshahara wake unakatwa pesa ya bima ya kampuni binafsi, mbali na ile ya serikali ya asilimia 2.75 ambayo nayo inakatwa kivyake. Hatujakosa mwezi hata mmoja, hata wakati wa kusi hoteli ikiwa tupu na mshahara unakuja nusu, wao chao wanachukua kamili.

Kijana wangu ana miaka minne. Ana mtindio wa ubongo, alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, mkono wa kulia amekunja ngumi tangu mchanga na kuongea bado. Daktari ndiye aliyeandika aende okupesheno therapi, yaani mazoezi ya kutumia mikono kwa kazi za kila siku, mara mbili kwa wiki, na spichi therapi ya kumfundisha kuongea mara moja. Daktari, si mimi wala si jirani. Nikapeleka barua yake kwa bima watoe idhini, wiki tatu kimya, simu hawashiki, halafu jibu likaja mistari miwili: wanalipia tiba ya kurudisha uwezo uliopotea, na mtoto huyu hajapoteza uwezo, hakuwa nao.

HAKUWA NAO. Nimeisoma nikiwa stendi ya tuktuk, wallahi miguu ikaniisha nguvu nikakaa chini pale pale.

Sasa nielezeni jamani. Mwaka jana mume wangu alianguka na pikipiki akavunjika mkono, bima hiyo hiyo ililipa fiziotherapia mara kumi mpaka akaweza kubeba sahani tena, hakuna aliyeuliza swali. Mkono wa baba uliojua kushika ukasahau wanalipa, mkono wa mwana ambao ndio kwanza unafundishwa hawalipi, na kazi ni ile ile, kunyoosha vidole, kulegeza kifundo, kurudia, kurudia tena. Kosa la mwanangu ni kuzaliwa na shida yake. Na ukikipekua kijitabu chao utakuta "hali za kuzaliwa nazo" kule nyuma kwenye wasivyolipia, maandishi madogo utafute miwani, siku ya kutusainisha hakuna aliyetusomea huko.

Wengine wanadhani therapi ni kucheza na mtoto. Yule dada therapisti alichukua kijiko cha kawaida akakizungushia mpini vipande vya ndara kuukuu mpaka ukawa mnene, akamshikisha, akamfunga kitambaa kiganjani kisimponyoke. Miezi mitatu kijiko kinaanguka, uji kwenye nguo, uji sakafuni, mtoto analia na mimi naingia chooni nalia. Halafu siku moja kikafika mdomoni. Nusu ya uji ulimwagika kidevuni lakini kilifika, kwa mkono wake mwenyewe, akageuka kuniangalia kama nimeona. Nimeona mwanangu. Hiyo ndiyo bima wanaona si matibabu, eti ni mafunzo, nikaulizie shuleni.

Kila kikao natoa 1,500 mfukoni. Spichi therapi hapa nimeikosa, naenda Mombasa, kama kilomita 120 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, mtoto nimempakata kwenye matatu. Mwezi wa tano tukashindwa kabisa, wiki sita hakwenda popote, na vidole vikaanza kukaza upya. Maana hawa watoto wakirefuka mfupa unakimbia msuli unabaki nyuma, usiponyooshwa unakaza zaidi, na huko mbele inaweza kuwa kisu. Mtoto hasubiri bajeti ya mtu.

Na wasituambie haiwezekani. Marekani sheria yao ya afya ya 2010 imeweka huduma za kurudisha uwezo uliopotea na za kujenga uwezo ambao haukuwepo kwenye fungu moja, kati ya mafungu kumi ambayo bima za watu binafsi na za kampuni ndogo ndogo lazima zilipie. Kwetu Kenya katiba ni ya mwaka huo huo, 2010, kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya, cha 53 kinamtaja mtoto kabisa, cha 27 kinakataza kumbagua mtu kwa ulemavu. Kama huu si ubaguzi ni nini?

Mimi napeleka malalamiko kwa mamlaka ya kusimamia bima, na nataka neno moja libadilike kwenye mikataba yao, wakiandika kurudisha waandike na kujenga. Peke yangu watanizungusha. Mzazi yeyote wa Malindi, Kilifi, Mpeketoni, na nyinyi wa Amu mnaovuka na boti hadi Mokowe ndio mpande basi na mtoto mgongoni, kama mmejibiwa barua kama hii msiitupe, ipigeni picha mnitumie inboksi. Ficheni jina la mtoto, tarehe na sababu waliyotoa viachwe vionekane. Jumatatu ijayo naenda na zote nitakazokuwa nimepata.