Naomba ushauri: San Pedro de Atacama na mke wangu, mwezi wa saba

MwanaKatuba: Jambo yenu bandugu. Kazi inanituma Calama, kaskazini mwa Chile, majuma mawili, mafunzo ya mitambo ya shaba. Mke wangu atanifuata, tumalizie San Pedro de Atacama, kile kimji cha jangwani chenye magofu, kama kilomita 100 kutoka Calama. Ni mwalimu wa historia. Tulor na Pukará de Quitor anazitaja kama majina ya shangazi zake. Siku nne zinatosha? Na makoti mangapi?

Papa Bukari: Magofu ya Chile ya nini? Sanga, kando ya ziwa Kisale, wazee wetu walizikwa na misalaba ya shaba. Umeshafika? Hakuna viza.

Mama Mapacha: Baridi usiichezee. Johannesburg, mwezi wa saba, nililala na vitenge vitatu chini ya koti, na blanketi la pili hoteli wakanilipisha.

Fundi Shaba: Zinatosha. Tulor ni vyumba vya mviringo vya udongo, zaidi ya miaka 2,000. Mchanga ulivifukia ukavitunza. Quitor ni ngome ya mawe, Wahispania waliiteka 1540. Makumbusho ya pale aliyaanzisha Gustave Le Paige, padri Mbelgiji aliyewahi kuwa misionari hapa Kongo. Watalii hupelekwa pia Tatio, kwenye chemchemi za mvuke: mnaondoka usiku wa manane, mita 4,300 juu ya usawa wa bahari, baridi chini ya sifuri. Huku Lubumbashi tuko kama 1,200. San Pedro penyewe 2,400. Kuna mwenye shida ya moyo, pumzi au damu?

MwanaKatuba: Wote wazima. Mke wangu anachoka kidogo tu.

Fundi Shaba: Anachoka na nini?

MwanaKatuba: Ni SS, ugonjwa wa selimundu. Lakini msianze! Hajalazwa tangu Noeli, maji anakunywa vizuri, na tiketi nimeshalipa, hairudishwi.

Yaya wa Ruashi: Mdogo wangu alikuwa SS. Sitaeleza mengi. Baridi ile na hewa haba ndivyo vinavyoamsha maumivu ya mifupa. Tatio msahau kabisa. Na San Pedro, hata Calama, ambako nako ni juu ya mita 2,000, daktari wake aseme kwanza. Si sisi.

Papa Bukari: Tiketi kwanza, daktari baadaye. Ndoa za leo!

Jicho la Kenya: Banakwetu, mnapigwa. Mwezi wa tatu huyu huyu aliomba ushauri wa pikipiki ya mkopo. Leo Chile? Na padri wa Kongo anafukua makaburi jangwani! Mnapika pamoja.

Fundi Shaba: Padri ni wa kweli, alifika San Pedro 1955. Mke, mimi sijui.

Papa Bukari: Basi pikipiki iko wapi?

MwanaKatuba: Niliiuza, ndiyo tiketi hiyo. Na mke yupo. Amesoma uzi wote, hajasema neno, anatwanga sombe mpaka kinu kinahama. Tatio nimefuta. Kesho kutwa tuko kwa daktari, ingawa amesema Tulor atafika hata kwa magoti. Swali langu la makoti hamjajibu.

Mama Mapacha: Mawili kila mtu. Na soksi za sufu, baridi inaingilia miguuni.