Naomba ushauri: vipande vya kiazi vimegoma kurudi hali yake

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Nafundisha baiolojia kidato cha pili hapa Kigoma. Maabara hatuna, hivyo osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando wa seli kuelekea upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi, naifundishia kwa viazi mviringo vya sokoni.

Nilikata vipande vya milimita 50, vikalala kwenye glasi. Vya maji matupu vilifika 52, vigumu kabisa. Vya maji ya chumvi, vijiko vitatu vya chakula kwa glasi, vilisinyaa hadi 46 na kulegea. Hapo sawa, maji yametoka kwenye seli kupitia utando, ile ngozi nyembamba inayoizunguka seli na kuchagua kinachopita. Shida ni nilipovihamishia maji matupu: saa nzima, kisha usiku mwingine, bado vimelegea tu. Nimebadilisha viazi, matokeo yale yale. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, kwani utando umekufa?" Nilishindwa kumjibu, na swali lile ni zuri mno kuachwa hivi hivi.

Naomba kujua: chumvi kali hivyo inaweza kuharibu utando hadi usichague tena kinachopita? Na nipime gramu ngapi kwa lita ili seli zisinyae lakini ziweze kurudi? Mizani nitaazima dukani. Kipindi kijacho ni Alhamisi.