Draiva ya swichi inagandisha riboti, mnakaguaje remove na shutdown?

MkaziWaChikongola:

Wakuu habari za usiku. Niko Mtwara, tuna kaofisi ka mtandao Chikongola, watu watatu tu, tunafunga intaneti kwenye maghala ya korosho na maduka. Mwaka huu tukajitia ujuzi tukatengeneza boksi letu wenyewe, ndani kuna Raspberry Pi 4 na chipu ya swichi ya poti 5 inayoongea na ubao kwa SPI (nyaya za kuongea chipu kwa chipu), draiva yake haimo kwenye kerneli (moyo wa Linux) kwa hiyo dogo wa ofisini akaandika mwenyewe kwa mfumo wa DSA (sehemu ya Linux inayofanya kila poti ya swichi ionekane kama kadi yake ya mtandao), na kusema kweli paketi zinapita, lan1 mpaka lan4 zinaonekana, tukafurahi tukapeleka la kwanza kwenye ghala Masasi.

Shida ni riboti. Nikilipiga reboot nikiwa mbali linapotea mazima. Mara ya kwanza nikapanda gari la alfajiri, kilomita kama 200, kwenda kuchomoa waya wa umeme na kuuchomeka tena, basi, nikarudi. Mara ya pili nikabeba waya wa sirio (wa kusomea ujumbe wa boksi moja kwa moja), nikakaa juu ya gunia na laptopu magotini, vumbi la korosho hilo, nikapiga reboot nikiangalia. Kila sekunde 10 linaandika hivi:

`unregister_netdevice: waiting for eth0 to become free. Usage count = 2`

Linaandika mpaka uchoke. Dogo anasema remove yake (kazi inayoitwa draiva ikitolewa) iko safi na nimeisoma mara tatu naona kweli iko safi, ingawa rmmod (amri ya kutoa draiva) nayo mara nyingine inapiga kelele kuhusu mdiobus (njia ya kuongea na chipu za poti). Nyie mkipewa draiva ya namna hii muikague mnaanzia wapi?

kisigino_cha_nazi:

Si usubiri umeme ukatike mkuu, litazima lenyewe 😂

MkaziWaChikongola:

Kuna UPS ndugu yangu, ndo imetumaliza kabisa.

Bahari_Kusini:

Mkuu pole na safari. Remove inaweza kuwa safi na bado ukaumia, maana wakati wa riboti kerneli haiiti remove, inaita shutdown, ile ya kuzima mashine. Draiva ya dogo ina `.shutdown`? Naweka dau haina.

Kinachotokea ni hiki. Swichi ya DSA inapanda mgongoni kwa eth0, kadi ya mtandao ya Pi, zile lan1 mpaka lan4 zimeshika eth0 na kila aliyeshika anahesabiwa, ndo hiyo Usage count unayoiona. Ukipiga reboot kerneli inapita kwenye orodha ya vifaa kuanzia mwisho kurudi mwanzo ikiita shutdown ya kila kimoja. Ikifika kwa swichi yenu haikuti kitu, inapita. Ikifika kwa eth0, draiva ya kadi ya Pi 4 (bcmgenet) shutdown yake ni kuita remove yake, yaani inajifuta kabisa kwenye mfumo, na kadi haifutiki mpaka wote walioishika waachie. Lan zako hakuna aliyeziambia ziachie. Basi inasubiri. Itasubiri mpaka msimu ujao wa korosho.

Hii haikuanza kwenu, mwaka 2021 kuna mtu aliripoti kitu hichohicho, Pi 4 na swichi ya KSZ9897, na kerneli 5.15 ikaja na `dsa_switch_shutdown()` kwa ajili hiyo. Kazi yake sio kufuta lan, ni kuziachisha eth0 tu, fasta, maana mashine inakufa hata hivyo. Lakini haijiiti yenyewe, lazima draiva iiite kwenye `.shutdown` yake.

Sasa msiishie hapo maana kuna mtego wa pili na kwenye Pi utawakuta. Draiva ya SPI ya ule ubao nayo shutdown yake inaita remove, ikiondoka inaondoka na watoto wake wote, na swichi yenu ni mtoto wake. Kwa hiyo kifaa kimoja kitaitiwa shutdown halafu baadae kidogo remove. Remove ikikuta swichi imeshaachishwa ikaanza kuifuta upya mnapata ajali nyingine. Dawa ni mistari miwili: mwisho wa shutdown weka `spi_set_drvdata(spi, NULL)` (drvdata ni kumbukumbu za draiva kuhusu kifaa, NULL ni tupu), na mwanzo wa remove chukua drvdata, ukikuta NULL rudi zako. Mtu akiniletea draiva ya swichi hii ndo naitafuta kwanza, kabla hata ya kusoma inafanya nini.

mama_wa_terminali:

Naongezea hapo kwenye kelele za mdiobus maana huo ni ugonjwa tofauti. Bila kuona msimbo nahisi dogo kaandika `devm_mdiobus_alloc()` halafu akasajili kwa `mdiobus_register()` ya kawaida. Nimepatia?

MkaziWaChikongola:

Dah. Umepatia dada. Na amefanya ndani ya setup(), pale DSA inapoandaa swichi.

mama_wa_terminali:

Basi ana makosa mawili kwa bei ya moja. Vitu vya devm vinaachiwa vyenyewe remove ikishamaliza, au probe (kazi ya kuanzisha kifaa) ikifeli, kwa kinyume cha vilivyochukuliwa. Sasa kama memori ya mdiobus itaachiwa yenyewe ila usajili unautoa kwa mkono, inabidi mkono wako uwe umefika KILA njia ya kutokea. Njia moja ukiisahau (na utakayoisahau ni ile ya probe kufeli, kwa mfano kadi haijawa tayari ukarudishiwa EPROBE_DEFER, yaani jaribu baadae) kerneli inaachia memori ya mdiobus ambayo bado imesajiliwa, ndo kelele zenyewe. Ama zote devm, ama zote kwa mkono, usichanganye.

Na kwenye setup() mimi nasema kwa mkono tu, alloc na register kule, unregister na free kwenye teardown(), kinyume cha setup. Setup na teardown hazifuati umri wa kifaa. Mkiwa na chipu mbili zimeunganishwa, setup ya zote inangoja ya mwisho ifike, na moja ikiondolewa teardown inapita hata kwa ile iliyobaki wakati remove yake haijaitwa. Vya devm havijaachiwa, halafu setup inaitwa tena, vinarundikana. Najua nyie mna chipu moja, ila dogo asizoee.

kisigino_cha_nazi:

Sasa hiyo devm si ilitengenezwa ili tusifikirie haya mambo

mama_wa_terminali:

Inakusaidia kusahau memori kaka. Kazi inayojirudia haijui kwamba umeondoka. MkaziWaChikongola muulize dogo kama kuna delayed work inayosoma takwimu za poti, wengi wanaiweka, na kama remove inaita `cancel_delayed_work_sync()`. Kama haiiti ile kazi itaamka baada ya priv (memori ya draiva) kuachiwa na kusoma hewa. Na intarapti (kengele ya chipu kuita kerneli) nayo, ikichukuliwa kwa devm inabaki hai mpaka remove imalize, kwa hiyo inaweza kugonga mlango wakati ndani umeshahamisha vitu.

MkaziWaChikongola:

Wakuu nimerudi, siku nne baadae. Shutdown haikuwepo kweli. Dogo kaiongeza, kaweka na ile NULL, mdiobus kahamishia kwa mkono. Kwanza alibisha kidogo, akasema mbona rmmod ilikuwa inapita, nikamwambia kaa na boksi nyumbani kwenu Mikindani usiku mzima lijiriboti lenyewe uniletee logi. Riboti zikapita zote. Tukamwambia afanye hivyohivyo kwa kuitoa na kuirudisha moduli, mara ya kumi na kitu ikadondoka, na ilikuwa ile kazi ya takwimu, kama dada alivyosema, aliiwasha kwenye setup na hakuna aliyeizima popote. Kaweka cancel kwenye teardown, na kwenye shutdown pia maana SPI ikishaondoka hakuna cha kusoma.

Kuna kitu kimoja tumekiona wenyewe, `of_get_child_by_name()` mbili bila `of_node_put()`, yaani anachukua bila kurudisha. Haigandishi kitu ila nayo tumeirekebisha.

Bahari_Kusini:

Safi. Wekeni na RebootWatchdogSec kwenye systemd, Pi ina watchdogi ya kweli (saa inayoriboti mashine ikiganda), ila draiva yake inaizima riboti ikianza, kwa hiyo ongezeni `watchdog.stop_on_reboot=0` kwenye cmdline ya kerneli, siku mkikosea tena isiwe lazima upande gari.

MkaziWaChikongola:

Zimeshawekwa zote mkuu. Boksi jipya nampa dereva wa lori, kesho anapanda Masasi tupu kufuata korosho, atawakabidhi ghalani wabadilishe wenyewe, ni waya mbili tu. Mimi siendi.