Mrejesho: kifungo cha kaka kwa uporaji wa benki, Marekani

Wakuu, niliuliza kama kaka anaweza kupinga kifungo chake cha mahakama ya shirikisho kwa sababu wakili alizembea. Anaweza, kwa ombi la kifungu cha 2255 cha sheria za shirikisho, linaloiomba mahakama iliyomhukumu ifute au irekebishe kifungo, ndani ya mwaka 1 tangu hukumu iwe ya mwisho. Tulibakiza siku 9, jasho lilitutoka!

Kumlaumu wakili tu hakutoshi. Tangu kesi ya Strickland, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani 1984, lazima uonyeshe pia kuwa bila uzembe ule huenda matokeo yangekuwa mengine.

Kilichotubeba ni barua ya mwendesha mashtaka: kiri kosa, upunguziwe kifungo. Ilikuwa ndani ya faili la wakili, pini haijang'oka. Kaka hakuwahi kuambiwa! Jaji ameamuru kikao cha ushahidi. Wakili yule ataapishwa.