Yule bwana amenicheka mbele ya wageni kwa neno moja la Kiingereza!

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Yule bwana mnamjua, wa suti ya kahawia, anayekohoa kabla ya kutoa kila hoja. Leo kwenye kikao nasoma taarifa ya ukame, nafika kwenye "drought", natamka "droft", kumbe ni "draut". Akacheka. Hakutabasamu, ALICHEKA! Kicheko kimesikika hadi Chalinze. Mbele ya wageni!

Haya, nielezeni. "Cough", kukohoa, ni "kof". "Rough", kitu kinachokwaruza, ni "raf". "Bough", tawi la mti, eti "bau". "Dough", unga uliokandwa, eti "dou". "Through" ni "thruu". Herufi zilezile nne! Zamani Waingereza walikuwa wanaitamka hiyo "gh" kooni, karibu na "kh" ya kheri, wakaacha kuitamka bila kuifuta kwenye maandishi. Wametelekeza gogo barabarani, nimejikwaa mimi, yeye anacheka!

Na "draught", ule upepo unaopenya mlangoni, ni "draft", ina "f" kabisa! Inapishana na ukame kwa herufi moja tu. Kwa herufi moja, mtu mzima anacheka hadi anatoa kitambaa kufuta machozi. Kitambaa, wakuu! Mbele ya wageni!

Nyundo Butu: "Droft"! Mkuu, daladala nzima imenigeukia kwa kicheko.

Mleta mada: Wewe ndiye yeye. Nimeshakujua.

Shangazi wa Mjini: Angalau hakukupigia makofi. Wangu alinipigia.

Pweza Mkavu: Afadhali yako. Mimi nipo Uingereza, nilitaka tiketi ya kwenda Loughborough. Mji mmoja, "ough" mbili, na kila moja ina sauti yake! Kumbe ni "Lafbara". Mkata tiketi akaita mwenzake aje anisikilize mimi! Sijamsamehe.

Nyundo Butu: Hapo si jirani na Leicester? Mnaandika herufi zote hizo halafu mnasema "Lesta". Wizi mtupu.

Kocha Asiye na Timu: Msiitaje Leicester humu. 2016 timu yao ilibeba ubingwa wa Ligi Kuu ya England, sisi Arsenal tukaishia wa pili. Kidonda hakijapona.

Shangazi wa Mjini: Wa pili kwa huruma tu. Mlimpita Tottenham siku ya mwisho, baada ya yeye kupigwa tano na Newcastle.

Mleta mada: Wakuu, turudini kwenye mada. Alitoa KITAMBAA.

Kocha Asiye na Timu: Tano kwa moja, shangazi. Na Newcastle wenyewe walikuwa wameshashuka daraja!

Pweza Mkavu: Tottenham nao wanatamkwaje?