Kidani cha "fedha 925" kimebanduka, na jina la mama wameliharibu. Nimepigwa soko la Khan el-Khalili, Cairo!

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Mwezi uliopita nilikuwa Cairo, nikapita Khan el-Khalili kumtafutia mama zawadi. Nikaagiza kartushi, kile kidani chenye duara refu la kamba ambalo ndani yake yaliandikwa majina ya mafarao. Siku hizi wanakuandikia jina lolote, unaagiza asubuhi unachukua jioni. Muuzaji akapima kwenye mizani, akapiga hesabu ya fedha kwa gramu, akanionyesha muhuri wa 925, yaani alama ya fedha halisi ya asilimia 92.5. Nikalipa.

Wiki mbili tu, shingo ya mama kijani! Sonara akapitisha tupa ukingoni: ndani shaba tupu, fedha imechovywa juu juu. Fedha ya kweli husawijika, ukiisugua inarudi. Haibanduki kama rangi ya ukuta.

Hilo ningemeza. Kinachoniuma ni jina. Mama ni Amina, na kwa hieroglifu, yale maandishi ya picha ya Wamisri wa kale, ni: tai, bundi, tete, mawimbi ya maji, tai. Katika maandishi yale ndege na wanyama hutazama mwanzo wa mstari, ndivyo unavyojua uanzie wapi kusoma. Sasa tai wangu mmoja anatazama huku, mwingine kule, kama wake wenza walionuniana. Na huyo fundi alinitambia kwamba ufundi wameurithi tangu enzi za mafarao!

(Kuhusu bundi: nilitumia nusu saa kumweleza mama kwamba kwa Wamisri wale alikuwa herufi M tu, si mkosi. Shingo ilipobadilika rangi, nani atanisikiliza tena?)

Kuna na kisanamu cha yule mdudu anayeviringisha mavi, ambaye Wamisri wa kale walimhusisha na jua linapochomoza. Muuzaji alininong'oneza eti katoka kaburini Luxor. Nami nikamnunua, mjinga mimi. Sheria yao namba 117 ya mwaka 1983 inakataza biashara ya mambo ya kale, kwa hiyo kama angekuwa wa kweli ningelala rumande. Afadhali alidanganya.

Nimemtumia picha WhatsApp. Tiki mbili za bluu, kimya.

Risiti ninayo. Wadau mlioko Cairo, hasa wanafunzi wa Al-Azhar, polisi wa utalii wanapokea malalamiko ya mtu aliyekwisha ondoka? Nataka hela yangu. Mdudu nitamrudishia bure.