Mita ya mshale, ya namba au ya kubana: ipi inafaa kwa nyaya za nyumba na sola?

Fundi_Chipukizi: Ndugu wanajukwaa, tangu nianze kujifunza ufundi natumia multimeta (kipimo cha umeme) ya mshale. Sasa nataka kununua nyingine kwa kazi za nyaya za nyumba na sola ndogo za volti 12. Je, nichukue ya namba, au niongeze fedha nipate ya kubana, ile yenye taya zinazozunguka waya?

Mwanasola: Kwa betri, chukua ya namba. Betri ya risasi iliyojaa na kutulia bila mzigo husoma takriban volti 12.7, na iliyobaki nusu husoma karibu 12.2, tofauti ndogo kama hiyo, kwenye uso wa mshale uliogawanywa hadi 50, ni vigumu kuisoma kwa uhakika.

Shangazi_Umeme: Nakubaliana naye, ila ya mshale usiitupe, mwanangu. Ya namba kwa kawaida ina ukinzani wa ndani wa takriban megaomu 10, yaani huvuta mkondo mdogo mno, kwa hiyo waya uliokatika, ambao umepita sambamba na waya wa moto ndani ya bomba moja, unaweza kuonyesha volti 60 au 90 ilhali hauwezi kuwasha hata taa. Niliwahi kupoteza siku nzima nikifukuza volti za namna hiyo. Mita ya mshale huvuta mkondo zaidi, na volti hizo za uongo hushuka sana. Hata hivyo, usiguse waya kwa kuamini mita pekee: zima swichi kuu, kisha ijaribu mita yako kwenye soketi yenye umeme isiyopitia swichi hiyo, kabla na baada ya kupima.

Mwanasola: Kuhusu ya kubana, nyingi za bei nafuu hupima ampea za mkondo geu (AC, kama wa soketi za nyumbani) tu, ilhali sola hutoa mkondo mnyoofu (DC), hivyo kwenye nyaya za sola hazitakusaidia. Na ukibana waya wa moto na wa nyutro kwa pamoja, itasoma sifuri, kwa sababu mikondo yao hufutana.

Shangazi_Umeme: Jambo moja zaidi: ukimaliza kupima ampea, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti papo hapo. Ukiusahau kwenye tundu la ampea 10 kisha ukapima soketi, umetengeneza shoti mkononi mwako.

Fundi_Chipukizi: Ahsante, shangazi, ahsante, Mwanasola. Nitanunua ya namba yenye fyuzi kwenye matundu yote ya ampea, na ile ya mshale itabaki mkobani.